Tulivyotoa kila kitu kwenye pickup ili ikimbie, halafu tukairudishia mchanga

Wakuu, heshima zenu. Nimekaa humu miaka mingi nikicheka na nyuzi zenu za magari, leo nimeamua na mimi nilete ya kwangu. Ni ya kweli kuanzia juu mpaka chini. Kama wewe ni wa Machakos na umri umesonga kidogo, huenda ukaitambua pickup yenyewe. Ukiitambua, kaa nayo moyoni.

Jambo moja kwanza. Wengi humu mnaniita "bro" kwa sababu huwa najibu maswali ya gearbox. Mimi ni mama wa watoto wawili. Endeleeni tu na bro, nimeshazoea.

Haya, twende.

Ni mwanzo wa miaka ya 2000. Baba yangu alikuwa na gereji mjini Machakos: paa la mabati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na mlango mkubwa wa mbao wa rangi ya kijani. Upande wa ndani wa ule mlango kulikuwa na namba imeandikwa kwa chaki.

5.5

Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mvua ikinyesha ya upepo na kuifuta nusu, baba mwenyewe alichukua chaki akairudia polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ile namba ilikuwa sekunde.

Kila Disemba, watu wakishafika nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, kulikuwa na ranchi upande wa Konza iliyotuachia uwanja wao wa zamani wa ndege kwa siku moja. Murram tupu, udongo mwekundu wa changarawe, umenyooka mpaka macho yanachoka. Unaanzia mwisho mmoja, unakanyaga mafuta kadiri ya roho yako, na ukikaribia mwisho wa pili unapita katikati ya mapipa mawili yaliyoachana mita mia mbili. Unapimwa hapo tu, kati ya pipa na pipa. Wa pipa la kwanza anashusha kitambaa cheupe ukipita, wa pipa la pili anabonyeza stopwatch.

Hakuna kona. Hakuna kubanana na mwingine. Ni wewe, gari na saa.

Baba alipita pale kwa sekunde tano na nusu wakati mimi bado niko primary. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya 130 kwa saa, kwenye murram, na pickup ya kubeba mchanga! Mwaka uliofuata akapata sita. Uliofuata, sita na kitu. Ikaendelea kuharibika hivyo mpaka nyonga ikaanza kumsumbua akaacha kukimbia. Siku aliyoacha, akagonga ule mlango mbele ya wateja akasema:

"Mwenye atashinda hii namba na hii gari yangu, huyo nitampatia funguo ya gereji. Na sitanii."

Funguo zilikuwa kwenye mshipi wake, kishada kizima, zikilia kila akitembea. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Wakuu, niwaeleze ukweli wa nyumbani. Tangu darasa la sita nilikuwa chini ya magari. Nilipomaliza form four nilifanya kazi na baba miaka minne, nikavunja kucha zote nilizopewa na Mungu. Lakini kila mtu alijua gereji ni ya binamu yangu Kyalo, mtoto wa baba mdogo, kwa sababu yeye ni mwanaume. Hakukuwa na ubaya wowote. Kyalo ni mtu poa na fundi mzuri. Ni vile mimi nilihesabiwa kama mtu wa muda, anayesubiri kuolewa. Wateja waliniuliza "fundi yuko wapi?" na huku nimeshika spana.

Nilizitaka zile funguo kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Na njia ilikuwa moja tu, ile namba mlangoni.

Sasa tuingie kwenye pickup, maana hapo ndipo penye utamu.

Injini ya petroli ya lita mbili, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi ilibeba mchanga kutoka mtoni kupeleka kwa wajenzi. Mnajua kwetu, pickup ya mchanga haiachwi kama ilivyotoka kiwandani. Spring za nyuma zinaongezwa majani, yaani vipande vya chuma, mpaka zinakuwa ngumu kama reli. Ikiwa na mzigo inakaa sawa. Ikiwa tupu, makalio yako juu, pua iko chini, inafanana na mbuzi anayekunywa maji.

Na sote tulijua, bila kuuliza mtu, kwamba gari la mbio ni gari jepesi. Hiyo tulizaliwa nayo.

Kwa hiyo wiki nzima kabla ya siku yenyewe mimi na Kyalo tulitoa vitu. Tukatoa mlango wa nyuma wa bodi. Spea. Bampa. Kiti cha abiria. Jeki, redio, vioo vya milango, hata kile kifuniko cha kijisanduku mbele ya abiria. Baba alikaa kwenye debe lake akikubali kwa kichwa. Kila mwaka alikuwa anatoa kitu kingine, sisi tulimalizia tu.

Mimi nikaenda mbele zaidi. Nikajipunguza mwenyewe. Jana yake sikula chakula cha jioni, na asubuhi mama akanifungashia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye hotpot nikakataa kuugusa.

"Utaanguka na njaa huko kwa ranchi ya watu," mama akasema.

"Nitakula nikishinda."

"Haya. Basi nabeba, nikuone ukikosa kushinda na tumbo tupu."

Tulifika uwanjani jua limeshapanda. Watu wamejaa, pikipiki, Peugeot za zamani, watoto juu ya miti ya miiba, kina mama wanauza chai. Mzee Abdi naye alikuwa amefika na lori lake. Mzee Abdi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo pale mjini, rafiki wa baba wa siku nyingi, na kila mwaka ndiye aliyetoa zawadi, beberu mmoja mwenye ndevu ndefu na dharau. Beberu alifungwa kwenye gurudumu la lori akituangalia kama tumemkosea.

Kila gari lilipewa nafasi nne. Tulikubaliana Kyalo atangulie.

Kyalo akaondoka, vumbi likapanda, tukaona makalio ya pickup yakirukaruka njia yote. Sekunde sita na pointi nane.

"Leo imekataa," akasema akishuka. "Jaribu wewe. Wewe ni mwepesi."

Nikavaa helmeti, nikafunga mkanda, nikajiambia moyoni kwamba kilo zangu hamsini na kitu ndizo zitaniletea funguo.

Wakuu, sijawahi kuaibika hivyo. Nilipoachia klachi magurudumu ya nyuma yalizunguka pale pale yakichimba shimo. Gia ya pili, yanazunguka. Gia ya tatu, kila kijiwe kinayarusha hewani, injini inalia kwa nguvu na gari haliendi. Unakanyaga mafuta, unapata kelele.

Sekunde saba na pointi moja!

Yaani mimi mwepesi, mwenye njaa, nilishindwa na Kyalo aliyekula chapati nne. Watu walicheka mpaka mwenye stopwatch akakaa chini. Nilishuka nikaenda kusimama nyuma ya lori la Mzee Abdi, nikijifanya naangalia mbuzi. Machozi yalikuwa karibu, sitaficha.

Mzee Abdi akanifuata na fimbo yake.

"Mbithe, hii gari yenu haikanyagi chini. Inaruka ruka kama ndama. Jumatatu nilikuona ukipanda ile kilima ya mto na mchanga imejaa. Iliteleza?"

"Haikuteleza."

"Sasa?"

Akaenda zake kunywa chai. Nikabaki pale na beberu.

Na ni kweli. Miaka minne nimepanda ule mwinuko wa mto, mchanga umejaa mpaka ukingoni, na siku moja haijawahi kuteleza. Zile spring za ziada ziliwekwa kwa ajili ya mzigo. Bila mzigo hazilali, zinarusha tairi juu, na tairi iliyo hewani haisukumi chochote. Tulikuwa tumetumia wiki nzima kutoa uzito, kile kitu chenye kushikisha gari ardhini.

Nikarudi mbio. "Kyalo, tutafute magunia!"

Mzee Abdi alikuwa na magunia matupu ya chakula cha mifugo. Pembeni ya uwanja kulikuwa na korongo kavu. Tukajaza magunia manane ya mchanga, nusu nusu ili yabebeke, watu wakituzomea kwa furaha. Mmoja akauliza kama tunajenga nyumba huko mwisho wa uwanja.

Baba aliyaangalia yale magunia yakipanda. Akavua kofia. Akairudisha.

Sasa sikilizeni kosa la pili, ambalo ni langu peke yangu. Nilifikiria hivi: kama uzito ukiwa nyuma ni mzuri, basi nyuma kabisa ni mzuri zaidi. Nikayapanga magunia yote manane pale mwisho wa bodi, nyuma ya magurudumu, nikayafunga kwa kamba.

Nilipoachia klachi, gari lilishika! Nilisukumwa kwenye kiti mpaka nikapiga kelele. Pili, tatu, hakuna kuteleza, hakuna kuruka. Nikaingiza nne. Nikaanza kuimba, kweli nilianza kuimba.

Halafu usukani ukawa mwepesi. Nilikuwa nauzungusha kidogo na pua haisikii, kwa sababu ule mzigo wa mkiani ulikuwa umeinua mbele. Kisha nyuma ikaanza kutikisika, kushoto, kulia, kushoto tena, kila safari kubwa zaidi. Nikaogopa, nikaachia mafuta ghafla. Msifanye hivyo. Mkia ulinipita.

Niliona uwanja, nikaona nyasi, nikaona uwanja tena, halafu nikasimama kwenye nyasi nikiangalia nilikotoka. Gunia moja limepasuka. Mimi mzima, gari zima, mapipa sijayafikia.

Mama alifika wa kwanza. Sijui alikimbiaje na ile leso. Akanishika uso, akanigeuza huku na huku, alipoona niko sawa akanipiga kofi la bega.

"Sasa utakula," akasema.

Nikala. Nilikaa kwenye ngazi ya pickup nikala muthokoi wote, na mpaka leo sijala chakula kitamu kama kile.

Mzee Abdi akaja, akachungulia magunia, akacheka.

"Mimi nikipakia ng'ombe, fahali kubwa naweka wapi? Kwa kichwa ya lori, karibu na dereva. Nikiacha zote zikae kwa mkia, usukani inakuwa ya hewa. Wewe umeweka fahali yote kwa mkia."

"Lakini nikipeleka mbele sana, magurudumu ya nyuma yatateleza tena."

Hapo ndipo Kyalo alinishangaza. Kumbukeni, huyu jamaa nikishinda yeye anakosa gereji. Angenyamaza tu. Lakini aliokota bua kavu, akachukua udongo uliomwagikiwa chai, akaubandika kwenye ncha moja. Sisi Wakamba tumekua na pinde, kila mvulana wa kijijini ameshachonga mishale. Akalirusha bua udongo ukiwa mbele, likaenda limenyooka. Akaliokota, akaligeuza udongo ukawa nyuma, akarusha tena. Likapinduka hewani likaanguka ubavu.

"Mshale, uzito inakaa mbele," akasema. "Lakini gari inasukumwa na nyuma. Kwa hivyo usipeleke yote mbele. Weka katikati ya tairi za nyuma na kichwa. Nyuma itashika, na pua haitainuka."

Nilimwangalia. "Kyalo, unajua unachofanya?"

"Najua. Panda gari, usinifanye nibadilishe akili."

Tukapanga upya. Magunia matano yakalala chali kwenye bodi, yakianzia mbele kidogo ya ekseli ya nyuma kuelekea kwa dereva. Mawili tukayaweka ndani, sakafuni, pale kilipokuwa kiti cha abiria. Tukafunga kila moja mpaka kamba ikalia. Nikarudi nyuma hatua kumi nikaangalia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo pickup ilikuwa imekaa sawa, mgongo umenyooka kama meza. Ilikuwa nzito kuliko gari lolote lililokimbia pale uwanjani.

Ilibaki nafasi moja.

Baba alikuja dirishani, au pale dirisha lilipokuwa. Mimi nina jina la mama yake, na kwetu baba anamwita binti wa namna hiyo mwaitu, yaani mama yangu. Huniita hivyo akiwa na furaha au akiwa na hofu.

"Mwaitu," akasema. "Ukiona inacheza, achana nayo. Hiyo namba ni chaki tu."

"Nimesikia, baba."

Nikaachia klachi taratibu. Ikashika. Haikuruka mbele kama wenzake wepesi, ilianza kwa uvivu kidogo, na nilijua nina uwanja mrefu wa kulipa huo uvivu. Pili. Tatu. Nasikia mchanga umetulia mgongoni mwangu, kila ninachokanyaga kinafika chini. Nne. Usukani mzito vizuri, pua inaangalia mapipa yenyewe. Upepo unaingia kila mahali tulipotoa kitu. Kitambaa cheupe kikashuka. Pipa la pili likapita kama limetupwa.

Niliachia mafuta polepole safari hii, nikatulia, nikageuza, nikarudi. Sikuweza kusoma sura za watu kwa sababu ya vumbi. Nilimwona kwanza mwenye stopwatch amesimama katikati ya njia ameinyanyua juu, kisha nikamwona Kyalo anaruka. Kyalo ndiye aliyeruka wa kwanza, wakuu. Sijasahau.

Tano na pointi tatu.

Mama alipiga vigelegele mpaka beberu akajaribu kukata kamba. Watu walinitoa ndani ya gari kupitia dirishani. Mimi nililia waziwazi, makamasi na vumbi, sikujali.

Nilimtafuta baba. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bodi ya pickup, mkono juu ya gunia moja, anacheka peke yake, mabega yanatikisika. Nilipokaribia nikaona pia macho yamelowa.

"Baba, vipi?"

"Mwaitu, ile siku yangu ya tano na nusu." Akapangusa uso. "Nilikuwa nimebeba mchanga."

Nilidhani sijasikia.

"Nilikuwa natoka mtoni. Nikachelewa. Nikasema nikienda kushusha kwanza nitapata watu wameenda nyumbani. Nikaweka turubai juu nikakimbia na mzigo hivyo hivyo. Nikapata tano na nusu."

"Na hukusema? Miaka yote hii?"

"Ningeambia nani aniamini? Gari imebeba mchanga, ishinde za watu? Wangesema saa ilikuwa mbovu, wafute namba yangu. Nikanyamaza. Nikasema mwaka ujao nitakuja tupu, nitapata tano kamili." Akapapasa gunia. "Kila mwaka natoa kitu, kila mwaka inaenda pole. Nilidhani ni mimi nimezeeka, mwaitu."

Nilikaa karibu naye nikamshika mkono. Miaka yote mtu amebeba huzuni kwamba ujana umemtoka, na kumbe alichotoa ni mchanga.

Mzee Abdi akatuletea beberu. Baba akasimama, nyonga ikamuuma, akafungua kishada cha funguo kwenye mshipi. Alikiangalia kidogo, akaniwekea mkononi mbele ya watu wote. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiria.

Kyalo bado yuko na mimi gereji hadi leo. Ni mshirika kamili, na akiudhika hunikumbusha habari za bua. Beberu hatukumla, alizeeka kwetu na dharau yake ile ile.

Nilichojifunza? Kwenye mbio za kunyooka, uzito peke yake si adui. Nguvu isiyoshika ardhi ni kelele tu, na mzigo ule ule unaweza kukupindua au kukunyoosha kulingana na mahali ulipouweka. Na kama una ushindi usioelewa ulivyoupata, uwaambie watu wako, hata kama utachekwa. Baba angesema mapema, angekimbia miaka yake yote ile kwa raha.

Karibuni mchangie. Wenye kujua hesabu za hizi mambo nisahihisheni taratibu, mimi ni wa spana. Na wewe uliyewahi kutoa kitu kwenye gari ukajuta, usione aibu, weka hapa tucheke pamoja.

Na mlango? Tulipofika gereji jioni ile, kabla hata ya kunawa, baba alichukua chaki. Akaandika 5.3 na jina langu lote, la kwanza na la pili, ulimi nje. Halafu akarudi kwenye 5.5 yake, na pembeni yake akaongeza maneno mawili.

"Na mchanga."